VITI VYA VALI VILIVYOLIKA: MAMBO YA KUJUA KABLA YA KULIPIA MATENGENEZO



Katika kukagua vitabu vya chama kimoja cha wavuvi wa pwani nilikuta hati za malipo zilizonisikitisha. Boti ya chama ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi. Chama kikanunua nozeli mpya, hali haikubadilika. Kikanunua na pampu ya mafuta. Mambo yakawa yale yale. Mwisho mashine ikaandikwa kuwa imekufa, boti ikapandishwa nchi kavu, na mkopo wake ukiwa bado unadaiwa. Fundi mwingine alipofungua mashine ile aliona kwamba pampu haikuwa na kosa lolote. Kilicholika kilikuwa kiti cha vali ya moshi. Kosa hilo lingeweza kutambuliwa kwa mkono na sikio, bila ya gharama yoyote.

Kiti cha vali ni nini?

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka ipate joto linalopita digrii 500 za sentigredi, na mafuta yanapopuliziwa humo huwaka yenyewe. Hewa ikivuja, joto halitoshi, na mashine haiwaki hata kama nozeli ni mpya.

Vali ya hewa na vali ya moshi ndizo milango ya silinda. Kila moja hukalia ukingo wa mviringo uliochongwa kwa mshazari katika kifuniko cha silinda, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Ukingo huo ndio kiti. Hulika kwa kugongwa siku zote, kwa masizi, kwa joto lililozidi, na kwa maji ya chumvi yanayorudi kupitia bomba la moshi boti inapotia nanga. Chumvi huacha kutu, na kutu huacha vishimo.

Namna ya kutambua

Kwanza, mashine ikiwa baridi, pimeni nafasi iliyopo kati ya vali na mkono unaoisukuma. Ikiwa nafasi hiyo haipo, vali haifungi sawasawa, na huenda kuirekebisha kukatosha. Lakini ikiwa kila mara inarekebishwa na kila mara inapungua, fahamuni kwamba vali inazama katika kiti chake. Hiyo ni dalili ya mapema, tena ya kuaminika.

Pili, fungeni mafuta ili mashine isiwake, kisha izungusheni polepole kwa hendeli. Mashine nzima hukataa mkono kwa nguvu kila inapokandamiza hewa. Ikizunguka kwa wepesi, sikilizeni. Mfoko wa hewa ukisikika penye chujio la hewa, vali ya hewa inavuja. Ukisikika katika bomba la moshi, ni vali ya moshi. Ukisikika penye mdomo wa kutilia oili, shaka iwe juu ya ringi za pistoni.

Matengenezo yenyewe

Kifuniko kifunguliwe mahali pakavu na safi, na kila vali iwekwe alama ili irudi katika kiti chake yenyewe. Masizi yakisha kuondolewa, fundi aanze kwa kutikisa vali ndani ya tundu lake. Ikichezacheza kupita kiasi, tundu litengenezwe kwanza, kwa maana kifaa cha kuchongea kiti huongozwa na tundu hilo. Likiwa bovu, na kiti kitachongwa upande.

Vishimo vikiwa vidogo, vali husagwa juu ya kiti chake kwa dawa ya kusagia, ya chenga kubwa kisha ya chenga laini, ikizungushwa huku na huku na kuinuliwa mara kwa mara. Kazi imekamilika inapoonekana pete ya kijivu, nyembamba, isiyokatika popote. Vishimo vikiwa virefu, kusaga hakufai. Kutaifanyia vali mfereji tu. Hapo kiti huchongwa kwa kifaa maalumu, kwa mshazari ulioandikwa katika kitabu cha mashine. Mara nyingi ni digrii 45, lakini baadhi ya injini hutaka 30. Vali nayo hunolewa au hubadilishwa.

Lakini kila kiti kinapochongwa, vali huzama zaidi, na ikizama mno nguvu ya kukandamiza hewa hupungua. Kitabu cha mashine kinataja mwisho wa kina hicho. Ukipitwa, dawa ni kutia pete mpya ya kiti, kazi ya karakana yenye mashine za kukerezea. Isifanywe ufukweni kwa nyundo.

Wajibu wa Katibu

Kabla ya kutia sahihi hati ya malipo, Katibu au mjumbe wa Kamati atake kuonyeshwa mambo haya:

(a) Pete ya kijivu isiyokatika katika kila vali na kila kiti.

(b) Vali zikiwa zimefungwa na springi zake, parafini imiminwe katika njia ya hewa na ya moshi. Baada ya dakika chache upande wa silinda uwe mkavu.

(c) Dawa ya kusagia imeoshwa yote. Ikibaki, itazila ringi na silinda.

(d) Gasketi ni mpya, nati zimekazwa kwa zamu na kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, na nafasi ya vali imepimwa upya.

(e) Vipuri vya zamani vimerudishwa ofisini.

Kisha yaandikwe katika daftari la mashine tarehe, saa ilizofanya kazi, kina cha kila vali na nafasi yake. Fundi ajaye atajua kutoka hapo kama kiti kinaweza kuchongwa tena au la.

Kusaga vali mapema ni kazi ndogo. Ikicheleweshwa, chama kitalipia kifuniko kizima, na wavuvi watakaa pwani wakitazama msimu unapita. Basi kabla Kamati haijaidhinisha kununua nozeli au pampu, iulize kwanza: je, mashine imezungushwa kwa mkono, na imesikilizwa?