Sifa za bure hazikuzi bendi

Juma lililopita nilikuwa Ilagala, kusini mwa Kigoma mjini, kule Mto Malagarasi unakokaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Jioni, jirani na wakamuaji mawese, vijana wanne wenye magitaa mawili na ngoma walinikabidhi flashi yenye nyimbo sita. "Shikamoo mzee. Tutangaze redioni. Sema ni nzuri."

Hawa ndio tunaowaita andagraundi. Hawana kampuni wala meneja. Gharama zote wamebeba wenyewe. Je, kazi ya mhakiki ni kuwasifu tu kwa sababu ni wanyonge?

Nasema hapana. Nilizisikiliza nyimbo zao mara tatu. Mara ya kwanza niliiachia miguu iamue. Mara ya pili nilifuata ala moja moja. Mara ya tatu, maneno. Gitaa la solo lilinikosha: limejifunza kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, lakini halikuiga. Sauti ya mwimbaji, hata hivyo, imemezwa na ngoma, na wimbo wa nne umerefushwa bila sababu. Niliwaambia hivyo hivyo. Mwimbaji alinuna. Mpiga solo akauliza, "Tukate wapi?" Huyo atafika mbali.

Kuhoji bendi nako si kuuliza tu "mlianzaje muziki". Niliuliza: nani katunga? Nani karekodi? Rekodi ya asili iko kwa nani? Hapo wakatazamana. Iko kwa mwenye studio mjini, na hakuna hata karatasi moja waliyoandikiana.

Jambo hili si geni. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, huku Bara redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi katika studio yake, kanda zikabaki katika maktaba yake. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi. Wanamuziki wengi wa enzi hizo walivuma nchi nzima, mifuko ikabaki mitupu.

Leo tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inamlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi yake. Lakini siku ya ugomvi utaulizwa ushahidi. Andikeni: nani katunga, nani kapiga, studio imelipwa kiasi gani, rekodi ni ya nani. Wote watie saini.

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwemo, walitoa kwa pamoja wimbo Leka Dutigite. Kwa hiyo vipaji mkoa huu haujapungukiwa. Kinachopungua ni mtu wa kuwaambia vijana ukweli mapema, kabla jina halijakua na mali haijapotea.

Wimbo wao wa pili ni mzuri kweli. Nitaupiga hapa, siku watakaponiletea ile karatasi. Kwaherini.