Samani Kuukuu Mikononi mwa Fundi

Katika miji ya Lamu na Zanzibar, ambako maduka ya vitu vya kale huuza samani na mapambo, ukarabati wa samani kuukuu haukusudii kuzifanya zionekane mpya, bali kurejesha uimara wake huku dalili za umri, kama vile rangi iliyokolea na kingo zilizolainishwa na mikono, zikihifadhiwa. Kazi inayodai ustadi mkubwa zaidi ni ya kiti cha enzi, ambacho kikalio na kiegemeo chake husukwa kwa kamba nyembamba, na fremu yake ya mbao nyeusi hutiwa njumu, yaani vipande vya pembe za ndovu au mfupa vinavyopachikwa mbaoni. Na kwa kuwa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliamua mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo, pengo la njumu huzibwa ipasavyo kwa mfupa wa ng'ombe.

Mbao za majahazi yaliyochakaa, kwa upande wake, hugeuzwa kuwa meza na fremu za vioo. Msasa ukipigwa kwa pupa, na pupa hiyo si haba, huondoa mabaki ya rangi na matundu ya misumari ambayo ndiyo humvutia mnunuzi.