Magadi: kutoka viwanda vya Uingereza hadi ziwa la Umaasai

Mpishi anayetia magadi kidogo sufuriani ili maharage yaive upesi, awe katika kambi ya Dzaleka au mtaa wa Area 49 jijini Lilongwe, hutamka pia jina la ziwa moja la Kenya. Ziwa Magadi liko kusini-magharibi mwa Nairobi, katika Bonde la Ufa. Historia yake imefungamana na kampuni iliyozaliwa Uingereza enzi za Malkia Victoria.

Mwaka 1873, John Brunner na Ludwig Mond, mkemia mzaliwa wa Ujerumani, walianzisha kiwanda Winnington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Walipata haki ya kutumia mbinu ya Mbelgiji Ernest Solvay, inayogeuza chumvi na mawe ya chokaa kuwa magadi kwa msaada wa amonia. Bidhaa hiyo ilihitajika mno: huwezesha mchanga kuyeyuka kwa joto dogo zaidi ili kupata kioo, na hutumika pia katika sabuni.

Kile ambacho Brunner Mond walikitengeneza kwa mitambo, Ziwa Magadi lilikitoa lenyewe. Chemchemi za moto huingiza humo maji yenye magadi, jua kali huyakausha, na tabaka gumu liitwalo trona hubaki. Likichimbwa na kuchomwa katika tanuri, hupatikana magadi ya viwandani.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911. Mwaka huohuo, mkataba wa pili na utawala wa kikoloni uliwalazimu Wamaasai wa Laikipia kuhamia kusini, ingawa ule wa 1904 uliahidiwa kudumu kadiri Wamaasai watakavyokuwapo. Reli ya takriban kilomita 146 ilijengwa kutoka Konza hadi ziwani. Hata hivyo, kampuni ilielemewa na matatizo ya fedha, na mwaka 1924 Brunner Mond waliichukua. Hivyo, mtengenezaji akammiliki mshindani wake wa asili.

Mwaka 1926, Brunner Mond iliungana na kampuni nyingine tatu kuunda ICI, iliyokuja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kemikali duniani. Ilijitenga tena mwaka 1991, na kati ya 2005 na 2006 ikanunuliwa na Tata Chemicals ya India, pamoja na Magadi.

Kiwanda cha Winnington kiliacha kutengeneza magadi mwaka 2014. Ziwani, uchimbaji uliendelea, na mvutano juu ya kodi ya ardhi kati ya kampuni na Kaunti ya Kajiado ulifika mahakamani. Wamiliki wamebadilika kutoka London hadi Mumbai. Lakini swali la zamani limebaki palepale: utajiri unaotoka katika ardhi hii unawanufaisha vipi wanaoishi juu yake?