Kilo Mbili Zikirudi

Ndani ya mwongozo wa DiRECT, utafiti wa kisukari uliofanyika kwenye vituo vya madaktari wa familia huko Scotland na Tyneside, mna kanuni moja fupi ambayo nimeirudia kuisoma mara kadhaa. Mtu aliyekwisha kupungua akipanda mizani na kukutwa amerudisha zaidi ya kilo mbili, haagwi kwa maneno ya kumtia moyo tu. Kwa wiki nne mlo wake mkubwa mmoja wa kila siku unabadilishwa na pakiti ya unga wa kukoroga. Akirudisha zaidi ya kilo nne, au sukari ikipanda tena, anaanza upya: wiki nne za pakiti pekee, kisha chakula kinarudishwa polepole. Hayo yalikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Hayakubuniwa baada ya watu kuanza kunenepa.

Nimesoma maandiko mengi ya miradi: ya visima, ya madarasa, ya chanjo. Karibu yote yana jedwali la viashiria, kitapimwa nini, na nani, mara ngapi. Ni machache sana yanayosema kwamba kipimo kikifika hapa, fulani atafanya hivi, kesho yake asubuhi.

Shangazi yangu ana daftari la kliniki, lile la kurasa 96 ambalo mgonjwa hulinunua mwenyewe dukani. Mna miaka minne ya sukari yake kwa wino wa buluu. Kumi na moja nukta mbili. Tisa nukta nane. Kumi na mbili. Pembeni ya kila namba, mwandiko tofauti na maneno yaleyale: endelea na dawa, punguza wanga. Nilimuuliza kama yupo aliyewahi kukaa naye wakazitazama namba zote pamoja. Akanijibu, "Mwanangu, wao huandika, mimi hubeba." Sikuwa na la kumwambia. Kwa miaka minne alipimwa vizuri, na kwa miaka minne hakufuatiliwa.

Mpango wa mlo wa kalori chache sana, ule uliotumika DiRECT, ulipata sura yake ya leo Newcastle, Uingereza. Profesa Roy Taylor alikuwa na dhana kwamba kisukari cha aina ya pili hutokana na mafuta yanayojazana kwenye ini, kisha kufika hadi kwenye kongosho na kuizuia kutoa insulini ya kutosha. Kama ni hivyo, mafuta yakiondoka, ugonjwa nao unaweza kurudi nyuma. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 11 waliokula kalori kama 600 kwa siku kwa wiki nane. Ndani ya siku saba sukari yao ya asubuhi, kabla ya kula chochote, ilishuka kutoka wastani wa 9.2 hadi 5.9. Kongosho ilichukua wiki zote nane kurudia hali yake.

Watu 11 wanaweza kulindwa kama mboni ya jicho. Swali la kila mradi ni nini hutokea wakiwa mamia, mikononi mwa wauguzi wenye foleni nyingine mlangoni. Hapo ndipo Taylor na Profesa Mike Lean wa Glasgow walipoingia kwenye DiRECT: vituo 49, watu 298, nusu wakiendelea na matibabu ya kawaida, nusu wakipewa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu, wengine hadi mitano. Matokeo ya mwaka mmoja yalitoka Desemba 2017. Kwenye kundi la mlo, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa yoyote. Kwenye kundi la kawaida, asilimia 4. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilitulia kwa asilimia 86.

Kalori 850 ni kitu gani jikoni kwetu? Ni unga mkavu wa sembe usiofika robo kilo, bila mboga, bila chumvi, kwa siku nzima. Au ni vijiko saba vya mezani vya mafuta ya kupikia. Anayepika kwa kukadiria, kama tunavyopika wengi, anaweza kuzimaliza kwenye sufuria moja ya mchuzi kabla wali haujapakuliwa. Ndiyo maana walitumia pakiti. Unga ule hauna utamu wa kumfanya mtu aukumbuke, lakini unaondoa makadirio. Muuguzi anajua kilichoingia mwilini, kwa hiyo anaweza kuamini kinachosomwa kwenye mizani.

Na mizani yenyewe inahitaji kusomwa kwa akili. Wiki ya kwanza hushuka kwa kasi, na sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji: mwili unatumia akiba yake ya wanga, na akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na maji. Asiyeambiwa hilo atadhani wiki ya tatu ameshindwa, kumbe ndiyo kwanza mafuta yanaondoka kwa mwendo wake wa haki. Kipima sukari cha kidoleni husema mapema, ndani ya siku chache. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, hakina cha maana cha kusema wiki ya pili. Ukikipima mapema unamtisha mtu bure. Kwa mwenye selimundu kinaweza hata kudanganya, kwa sababu chembe zake nyekundu hufa kabla ya kuishi siku za kutosha kubeba ushahidi wa sukari. Kwetu hilo si jambo la pembeni.

Kipimo ninachokihofia zaidi watu wakikisahau ni cha presha. Kwenye DiRECT dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza, chini ya uangalizi, na zikarudishwa kwa aliyezihitaji. Mtu anayesikia habari hizi barabarani, akajinyima chakula nyumbani huku anaendelea na glibenclamide au insulini, anaweza kuanguka kwa sukari kushuka kupita kiasi. Anayemeza vidonge vya presha anaweza kuinuka kutoka kitandani na kuona giza. Naliandika hili kwa msisitizo: mlo huu bila mtu wa afya wa kuzipunguza dawa si mpango, ni hatari.

Kisha serikali ikauchukua. Kuanzia 2020 huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, ilianza kuutoa kwa wananchi, pakiti kwa miezi mitatu na msaada hadi mwaka utimie. Wenye asili ya Afrika na Asia walikubaliwa kwa uzito mdogo kuliko Wazungu, kwa kuwa kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi. Uchambuzi uliochapishwa 2024 uliwatazama watu 1,740 walioanza mapema kiasi cha kutimiza mwaka. Zaidi kidogo ya nusu walimaliza. Waliokuwa na vipimo viwili vya HbA1c vilivyorekodiwa, kama inavyotakiwa ili kujua sukari imetulia, walikuwa 710. Kati yao, asilimia 27 ilitulia.

Wengi walitazama hiyo 27 wakailinganisha na ile 46. Mimi nabaki kwenye 710. Wenzao zaidi ya elfu moja walianza njia ngumu namna ile, na vipimo vya kusema wamefika wapi havikukamilika kwenye kumbukumbu. Hiyo ni nchi yenye maabara za kutosha na mafaili ya kompyuta yanayozungumza yenyewe kwa yenyewe. Sidhani kama kuna aliyezembea kwa makusudi. Kwenye utafiti kuna mtu ambaye kazi yake ni kupiga simu asipokuona. Kwenye huduma ya kila siku simu hiyo ni ya kila mtu, kwa hiyo si ya mtu.

Hata DiRECT wenyewe walipungukiwa. Baada ya miaka miwili waliotulia walikuwa asilimia 36. Baada ya mitano, kati ya 85 walioendelea kufuatiliwa kwa msaada mdogo zaidi, asilimia 13. Kilo zinarudi. Zinarudi kimyakimya, nusu nusu, kwenye harusi na misiba na siku za uchovu.

Kwetu kuna jambo ambalo hakuna jedwali la viashiria nililoliona limelitaja. Mtu akipungua kilo 12, majirani nao wanapima. Wanamtazama mashavu. "Umekonda, unaumwa nini?" Kila anayeuliza ana ugonjwa mmoja akilini, na hautaji. Shangazi alipopungua kidogo mwaka juzi, jirani alimletea uji wa lishe wenye karanga na siagi, kwa mapenzi kabisa. Aliunywa wote, maana kuukataa kungekuwa kumkataa aliyeuleta. Mpango wowote utakaokuja huku bila kuzungumza na nyumba nzima utakutana na uji huo.

Vipimo vyenyewe ni shida. Vipande vya kupimia huisha nyumbani kabla mwezi haujaisha, na HbA1c kwa wengi ni safari ya mjini na fedha mkononi. Mizani ipo. Hata zahanati ya kijijini inayo, ile ya kupimia wajawazito. Na wauguzi na wataalamu wa lishe wa DiRECT hawakuwa mabingwa wa kisukari. Mafunzo yao ya mpango ule yalikuwa ya saa nane.

Jumapili iliyopita nililichukua lile daftari. Shangazi anaanza mlo huu mwezi ujao, pamoja na daktari aliyekubali kumpunguzia dawa hatua kwa hatua. Ndani ya jalada nilichora mistari mitatu. Wa kwanza: uzito wa kuanzia. Wa pili: uzito atakaofikia. Wa tatu nikauacha na nafasi ya namba, na maneno yake mwenyewe akiniamuru niyaandike: "Nikizidi hapa, nakuja siku hiyohiyo, sisubiri tarehe." Chini yake akataka iandikwe namba ya simu. Siyo yake. Ya muuguzi.