Nishani ya babu haikutoka Burma

Kwetu kila mtu anaijua hadithi ya Babu na Burma. Mvua isiyokatika, ruba wanaoingia ndani ya buti, Mjapani aliyejificha juu ya mti. Babangu aliisimulia, mashangazi wakaisimulia, na mimi niliwahi kuiposti watu wakanijazia emoji za saluti. Babu alifariki kabla sijazaliwa, kwa hivyo hapakuwa na wa kubisha.

Mwaka huu Koko, mjane wake, alianza kuugua miguu na dawa zikawa zinameza pesa ya mbuzi. Baba mdogo akauliza swali ambalo sijui mbona halikuulizwa mapema: mtu alipigana vita vya mzungu, pensheni yake iko wapi? Kazi ikaangukia kwangu, maana kwao kuandika blogu si kazi.

Nikaenda Isiolo, nikachukua boda hadi Leparua. Koko alikuwa nje ya nyumba, kivulini. Nikamwinamishia kichwa akanigusa, tukanywa chai, na ndipo akamtuma mtoto alete mkebe wa Kimbo. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha Babu, karatasi iliyoliwa na mchwa upande mmoja, na nishani ya fedha yenye utepe wa manjano, kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani.

Nilianza na kitambulisho. Mwaka wa kuzaliwa, 1932. Hata kama karani alikadiria, alikosea kwa miaka mingapi? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944. Babu angekuwa na miaka 12. Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hiyo naimudu.

Nikaigeuza nishani. Upande mmoja kuna kichwa cha Malkia Elizabeth, ambaye hakuwa malkia mpaka 1952. Juu, kwenye kipande cha chuma kinachovuka utepe, kuna neno moja: KENYA. Na ukiizungusha kwenye mwanga, ukingoni kumegongwa namba, cheo, jina la Babu na herufi K.A.R.

Kama una kitu kama hiki kwenu, usikipeleke kwa sonara kabla hujasoma ukingo. Hiyo namba ndiyo kila kitu. Majina ya wazee wetu yaliandikwa jinsi karani alivyosikia, la Babu limeandikwa kwa tahajia mbili tofauti kwenye mkebe huo huo mmoja, ila namba haibadiliki.

Neno KENYA lilinichukua usiku mzima na bando lote. Hiyo ni nishani ya Africa General Service. Yenye kipande hicho walipewa waliohudumu angalau siku 91 katika operesheni za kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Yaani Hali ya Hatari. Yaani dhidi ya Mau Mau.

Hapa lazima niseme kitu. Mamangu ni Mmeru. Nyanya mzaa mama alikaa miaka kadhaa ndani ya kijiji cha Hali ya Hatari, kimezungushiwa mtaro na miti iliyochongwa ncha, na mpaka leo hapendi kuona mtu amevaa jaketi la jeshi. Hata la mtumba. Niliwahi kwenda kwake na moja akaniambia nilivue nje.

Ile karatasi ya mchwa ni cheti cha kuondoka jeshini. Kilichobaki kinasomeka "5 (K)", yaani Batalioni ya 5, ya Kenya. Tarehe ya kuingia imeliwa. Na hiyo ndiyo tarehe niliyoitaka kuliko zote, kwa sababu Juni 1953 askari wa batalioni hiyo waliua watu wapatao 20 kule Chuka, wengi wao wakiwa watu wa upande wa serikali yenyewe. Sina njia ya kujua kama Babu alikuwa amevaa sare tayari au bado alikuwa anachunga hapa Leparua. Mchwa wanajua.

Nilienda pia Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue tunalolipita kila siku tukikimbilia matatu. Mafaili ya DC wa Isiolo yapo, yana alama ya DC/ISO. Ukitarajia kumkuta babu yako humo, jipange: ni ukame, mifugo, malisho na kodi. Mtu wa kawaida anatajwa akikosea. Babu, inaonekana, hakukosea.

Na pensheni? Hakuna, na hakuna aliyeiiba. Askari wengi wa KAR waliondoka na kiinua mgongo cha mara moja, basi. Hata wale wa Vita vya Pili: mwaka 2019 nyaraka zilianikwa zikionyesha Mwafrika alilipwa hadi mara tatu chini ya mzungu wa cheo kile kile. Batalioni za KAR zilizokuwa Kenya zikageuka Kenya Rifles Desemba 1963, na Babu alikuwa ameshatoka kitambo.

Kilichopo ni msaada. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola waliotumikia kabla ya uhuru, na wajane wao. Huku kwetu mlango wa kubisha ni vyama vya wanajeshi wa zamani kama DEFOCA. Serikali hiyo hiyo, mwaka 2013, ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Nyanya mzaa mama hakuwa kwenye orodha hiyo.

Nilirudi Leparua nikiwa na fomu na hotuba niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Koko hakuningoja nimalize.

"Burma alienda kaka yake," akasema. "Yeye alikuwa msituni huko kwa kina mama yako."

"Kwa hivyo ulijua?"

"Wewe ungewaambia watoto ipi?"

Nikamuuliza kama mamangu anajua. Akasema alimwambia mwenyewe, kabla ya mahari. Nyanya je? Akanyamaza, akaomba miwani.

Tukajaza fomu. Jina, tahajia zote mbili. Namba. Batalioni. Tukafika penye nafasi ya kuandika mahali alikohudumu, nikasimamisha kalamu nikamtazama. Koko akafunika mkebe.

"Andika Kenya."