Je, wajua? Mkulima wa Kakese amebeba vinasaba vya virusi

Mkulima wa mpunga wa Kakese, mkoani Katavi, ana mabaki ya virusi mwilini hata kama ni mzima wa afya. Sote tunayo. Takriban asilimia 8 ya vinasaba vya binadamu ilitokana na virusi vya kale vilivyojipachika kwenye mbegu za uzazi za mababu zetu.

VVU hutumia mbinu hiyohiyo ya kujipachika. Ujumbe wake wa RNA una herufi 9,700 hivi tu. Ujumbe wa DNA wa binadamu unazidi herufi bilioni 3. Ndani ya seli ya kinga iitwayo CD4, kimeng'enya kimoja huigeuza RNA hiyo kuwa DNA. Kingine hukata DNA ya seli na kuichomeka humo ile ya kirusi. Seli ikigawanyika, kirusi nacho hurithiwa. Ndiyo maana dawa za kufubaza huvizuia virusi kuzaliana, lakini haziving'oi.

Kaskazini ya Katavi, baadhi ya sokwe wa Hifadhi ya Gombe wana SIV, ndugu wa VVU, na huweza kuwaua. Lakini wasisingiziwe: VVU vilivyoenea duniani vilitoka kwa sokwe wa Kameruni.

La ajabu zaidi? Kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, huundwa kwa msaada wa sinsitini, protini tuliyoirithi kutoka kwa kirusi.