Kwa nini moyo hupiga mbio tunapopanda kilima?



Watu wengi hutuuliza: «Nikibeba maji na kupanda kilima, moyo unapiga mbio na pumzi inakuwa fupi. Je, nina ugonjwa wa moyo?» Mara nyingi jibu ni hapana. Ni mwili unaofanya kazi yake.

Misuli inapofanya kazi inahitaji oksijeni, iliyomo katika hewa tunayovuta. Mapafu huichukua, damu huibeba, na moyo ndio pampu inayoisukuma damu hiyo. Mtu mzima akitulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika na kusukuma karibu litri 5 za damu. Hupumua mara 12 hadi 20. Sasa fikiri: bidoni ya litri 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20. Ukipanda nayo, moyo unaweza kusukuma litri 15 kwa dakika au zaidi, na pumzi huongezeka mara mbili au tatu.

Hapa Kanzenze kuna sababu nyingine. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, nasi tuko juu zaidi ya ziwa. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Anayefika kutoka sehemu za chini, kama mji wa Rutshuru, anaweza kuchoka upesi siku za kwanza. Mwili huzoea polepole.

Moyo ni msuli. Ukiuzoeza, hupata nguvu na kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Ndiyo sababu mtu wa mazoezi akipumzika, moyo wake hupiga polepole.

Tufanye nini?

1. Anayekaa siku nzima atembee kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa juma. Mwendo mzuri ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.
2. Anza kidogo, ongeza kidogo kidogo.
3. Mama anayebeba maji na kuni kila siku amekwisha kufanya mazoezi. Yeye anahitaji msaada na mapumziko. Vijana na akina baba, tushike bidoni.

Ukipumzika dakika chache, moyo na pumzi vinapaswa kuanza kutulia. Lakini nenda kituo cha afya mara moja ukiona dalili hizi:

– kifua kinabana au kuuma, na maumivu kwenda mkononi au kwenye taya;
– kuzimia au kizunguzungu kikali;
– kukosa pumzi ukiwa umekaa au umelala;
– miguu kuvimba pamoja na kuchoka sana.

Mama mjamzito anayechoka upesi na kuishiwa pumzi apimwe damu, maana huenda amepungukiwa na damu.

Usiogope moyo unaopiga mbio kilimani. Uogope ule usiotulia ukiwa umepumzika, wala usingoje kesho.